Dola 12 za maji ya waridi: uzoefu wangu na sprei ya kufiksi makiyaji

Nianze na muuzaji, maana chupa yenyewe haikunikosea sana.

Mimi katika makiyaji, kujipamba uso, ni mtoto wa juzi. Miaka yote nilijua poda na ruji, basi. Sasa mtoto wa mama mkubwa anaolewa, nami nimo kati ya wasichana wa kumsindikiza, kitenge kimoja, mshono mmoja. Yaya yangu, yaani dada mkubwa, ambaye hupamba maharusi hapa Lubumbashi, akanionya: "Kiangazi hiki usipofiksi, utaingia ukumbini kama tofali." Yaani nipulizie sprei ya kushikilia makiyaji yasiteremke. Si utani. Anayeijua barabara ya kwetu Katuba mvua zikiwa bado, vumbi jekundu likipanda nyuma ya kila gari, ameshanielewa. Yeye alikuwa na bibi arusi wa kupamba, kwa hiyo mimi nilitakiwa nijipambe mwenyewe.

Nikaenda mjini, kwenye duka moja dogo lenye vioo mpaka darini. Kijana wa pale, ndevu zimechongwa kwa wembe, akanipulizia mkononi. Ikanukia waridi. "Yaya, hii njo fiksateri yenyewe. Hata ulie, haitoke." Alitaka dola 15, tukashuka mpaka 12. Nikampa noti. Akaigeuza, akainyoosha, akaiinua kwenye mwanga kutafuta kachaniko, akapitisha kidole pembeni, akaigeuza tena. Laiti nami ningeichunguza chupa yake hivyo.

Siku ya ndoa mambo ya komini, ile ndoa ya serikali, yalipita salama. Kanisani paji la uso likaanza kung'aa. Ukumbini, bati juu, watu wamejaa, tukaingia kwa kucheza tangu mlangoni hadi kwa maharusi, mwendo wa hatua tatu mbele, mbili nyuma, na hapo ndipo nilipohisi kitu kinateremka shingoni. Mama mkubwa akanikumbatia kwa furaha. Alipoachia, shavu langu lilikuwa limebaki begani kwake, duara zuri kabisa la hudhurungi kwenye blauzi nyeupe, na juu yake mstari mweusi, nadhani ni nyusi. Hakusema kitu. Alishika sahani yake ya bukari na kuku akaenda kukaa mbali. Picha zipo. Mimi ndiye yule aliyegeuka pembeni katika zote.

Jumatatu nikarudi dukani na chupa. Sikwenda kugombana, nilitaka tu kujua. Ndani walikuwamo mama wawili na mwanafunzi mmoja. Kijana hakuitazama chupa hata. Akanitazama mimi. "Chupa haina kosa, yaya. Ni ngozi yako njo inakataa. Mafuta yote haya, utafiksi nini?" Halafu, na hapa ndipo damu inaponichemka hadi leo, akachomoa karatasi laini, akanifuta paji la uso kwa mkono wake, bila kuniomba, akawaonyesha wale mama ile karatasi. "Munaona?" Wakaona. Mmoja akasema "ee, mafuta iko". Nikatoka bila chenji ya taksi-bisi, nikatembea kwa mguu hadi hasira ikapoa, na haikupoa.

Nyumbani nikaisoma chupa. Chini ya maandishi ya dhahabu, kwa herufi ndogo za Kifaransa, yapo wazi: brume hydratante. Ukungu wa kulowesha ngozi. Kifaransa nimekisoma tangu shule ya msingi, kwa hiyo hapo sina wa kumlaumu, ila namlaumu. Yaya akanionyesha nyuma, kwenye orodha ya vitu vilivyomo, ambayo huanza na kilicho kingi na kushuka. Yangu: maji, gliserini, maji ya waridi, manukato. Hakuna gundi hata tone. Sprei inayofiksi kwelikweli utaikuta na PVP, au jina refu lenye acrylates au copolymer, hiyo ndiyo gundi, na mara nyingi alkoholi karibu na mwanzo. Alkoholi inakauka upesi, ile gundi inabaki usoni kama ngozi nyembamba sana inayoshikilia kila kitu. Bila hiyo umejipulizia maji mazuri. Mwenye ngozi inayowashwa aangalie hiyo alkoholi, inachoma, na mwenye ngozi kavu sana nayo haimfai.

Kuna rafiki alinishauri nitumie laque, sprei ya kugandisha nywele. Niachieni, jamani. Ile ni ya nywele, na macho ni mawili tu.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo silipendi. Ile chupa ya waridi ni nzuri. Asubuhi za kiangazi, ngozi ikivuta kama ngoma, napulizia mara mbili juu ya poda na ule unga unaoonekana usoni unapotea, poda inakuwa ngozi. Ingeuzwa kwa jina lake ningeisifu. Na hata ingekuwa ya kufiksi, mimi ningeiharibu: niliipulizia karibu hadi matone yakatiririka, kisha nikajipapasa na taulo! Yaya alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe unaitikisa kwanza, unaiweka mbali kama sentimita 20 hadi 30, yaani toka kiwiko hadi kifundo cha mkono, unafumba macho na mdomo, unachora X kisha T usoni, halafu hugusi. Inakauka yenyewe. Wenye mafuta kama mimi, poda kwanza penye kung'aa, na tunatafuta iliyoandikwa mat, yaani isiyong'arisha.

Kwa hiyo kijana alikuwa na haki kuhusu mafuta? Labda nusu. Lakini kuniuzia maji kwa jina la gundi, kisha kunifuta uso mbele za watu, hiyo nusu naikataa yote.

Ya kweli nimeipata, imeandikwa fixateur, copolymer ipo pale ilipotakiwa. Nimeivaa kwenye sherehe ya mahari, mchana kutwa, nikapika, nikahudumia. Pembeni mwa pua ilibanduka kidogo, paji likashika. Si saruji, lakini mama mkubwa alinikumbatia akaenda zake msafi.

Nilipoinunua? Pale pale. Kwingine walitaka dola 18, yeye 10. Nilimtuma mdogo wangu na noti mpya isiyo na kovu, nikamwandikia maneno ya kutafuta kwenye chupa, nikamkataza kunitaja. Alirudi na sprei, na pakiti ya karatasi laini ambayo hatukuilipia. "Ameuliza, yaya yako, ule wa uso wa mafuta, anaendelea vizuri?"

Pakiti niliitupa juu ya kabati. Leo asubuhi nimeifungua. Karatasi zenyewe, kwa bahati mbaya, ni nzuri.