Uzoefu wangu na madaftari ya bima ya moto ya Sun Fire Office, London

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya faharasa, na nitaifikia.

Sun Fire Office ilianza London mwaka 1710, ikitokana na biashara ya Charles Povey. Iliungana na kampuni ya bima ya Alliance mwaka 1959, kisha na Royal mwaka 1996, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Intact ya Kanada kwa kushirikiana na Tryg ya Denmark. Hayo utayasoma popote. Kilicho adimu ni madaftari ambamo makarani waliandika hati za bima za wateja kuanzia 1710 hadi 1863, zaidi ya mabuku 1,200, ambayo sasa yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya The London Archives, Northampton Road, Clerkenwell. Kusoma ni bure. Beba kitambulisho na uthibitisho wa anwani ili utengenezewe kadi ya msomaji, na uende na penseli, maana kalamu ya wino haiingii.

Unaagiza kwa namba ya fungu: MS 11936 ndilo kuu, lakini kuanzia 1793 hati za nje ya London zina fungu lake, MS 11937. Kila hati inataja jina na kazi ya mwenye bima, mahali nyumba ilipo, wapangaji, kama imejengwa kwa matofali au mbao, kiasi kilichokatiwa bima kwa kila jengo na bidhaa, na malipo ya mwaka.

Kama unacho kibao cha madini ya risasi chenye uso wa jua, alama ya kampuni, kilichopigiliwa ukutani zamani, namba iliyogongwa chini yake ni ya hati, nayo itakuonyesha buku la kufungua. Vibao vya baadaye vya shaba na bati kwa kawaida havina namba. (Ile hadithi kwamba wazimamoto wa makampuni ya bima waliziacha nyumba zisizo na kibao ziteketee haina ushahidi wa maana.)

Malipo yanapigiwa hesabu kirahisi ukishajua madaraja. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, jengo la matofali na vigae lisilo na kazi ya hatari lilitozwa shilingi 2 kwa kila pauni 100; la hatari, shilingi 3; la hatari maradufu, kama la mbao lenye biashara inayotumia moto, shilingi 5. Nyumba ya pauni 500 ya daraja la chini ililipa shilingi 10 kwa mwaka. Kuanzia 1782 serikali iliongeza kodi ya shilingi 1 na peni 6 (peni 12 ni shilingi moja) kwa kila pauni 100, kwa hiyo mteja huyohuyo akatoa shilingi 17 na peni 6. Usichanganye kodi na bei ya kampuni.

Makosa ninayoyaona mara nyingi ni ya tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza Machi 25, hivyo hati ya Februari 1739 kwa hesabu yetu ni ya 1740. Nyumba nazo hazikuwa na namba za mtaa hadi miaka ya 1760. Utakuta tu “kwenye alama ya” kitu fulani, yaani bango la nyumba au duka. Tena daftari linaandika hati mpya, si malipo ya kila mwaka, kwa hiyo mtu kutoonekana tena haina maana alijitoa. Na kiasi cha bima si utajiri wake: kiwanja hakiungui, na wengine waligawa mali zao kwa makampuni mawili.

Sasa faharasa. Wafanyakazi wa kujitolea wa mradi wa Place in the Sun wameorodhesha hati nyingi za London za kuanzia 1793 hadi miaka ya 1830, na majina hayo unayatafuta kwenye katalogi ya mtandaoni. Kwa 1775 hadi 1787 kuna faharasa ya zamani zaidi kwenye maikrofishi (vipande bapa vya filamu vyenye kurasa zilizopunguzwa). Nje ya hapo, kama huna namba ya hati, kisia mwaka, chukua buku, pekua ukurasa kwa ukurasa.