Ritoti ya bomba: miezi minne kwenye karasha langu la kusaga mawe ya dhahabu

Pete ndiyo iliyonifanya niinunue ritoti, chombo kilichofungwa cha kuchomea dhahabu iliyoshikwa na zebaki. Pete yangu ya ndoa, dhahabu ya hukuhuku Nyarugusu, Geita, ilianza kupauka taratibu mpaka ikawa nyeupe kama bati, na zebaki sijawahi kuishika. Mimi kazi yangu ni mzani na daftari. Vijana ndio wanaochoma donge, yaani zebaki iliyoshika dhahabu, hatua sita hivi kutoka mezani kwangu. Kumbe moshi ulikuwa unanifuata nilipokaa. Sasa kama umekipata kidole, mapafu je?

Fundi wa kuchomelea alitaka 120,000, tukaelewana 95,000. Ukiiona utaidharau: kikombe cha chuma chenye kifuniko, juu linatoka bomba jembamba linalopinda kushuka hadi kwenye bakuli la maji. Basi. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, dhahabu haiyeyuki mpaka ipite 1,000, kwa hiyo moto wa mkaa unaifukuza zebaki na kuiacha dhahabu. Ukichomea kwenye koleo, kama tulivyozoea, mvuke unaondoka na upepo na kila aliye karibu anapata fungu lake. Humu unapita kwenye bomba lililozungushiwa tambara bichi, unapoa, unarudi kuwa zebaki, unadondoka bakulini.

Siku ya kwanza tuliweka donge la gramu 31, limekamuliwa vizuri kwenye kitambaa. Tukatoa dhahabu gramu 16.2 na zebaki 14.3. Nilirudia kupima mara mbili. Hizo gramu 14 zote, miaka yote, tulikuwa tunazivuta!

Zebaki inayorudi lakini huwa imechoka, inajigawa vidonge vidonge na haishiki dhahabu. Dawa yake ni maji ya chumvi na betri ya pikipiki: waya wa hasi kwenye zebaki, wa chanya kwenye maji, dakika chache inajikusanya tena. Fanyieni nje, ile harufu inayopanda si nzuri.

Kasoro sasa, maana zipo. Kifuniko cha fundi wangu hakikubani. Wiki ya kwanza tulikuta vitone vyeupe pembeni, yaani mvuke ulikuwa unatoroka. Sasa tunaziba kwa udongo wa mfinyanzi kabla ya kuwasha. Dhahabu nayo ilikuwa inagandia chini ya kikombe mpaka tukajifunza kukipaka masizi ya mshumaa. Na kuna siku kijana alilizamisha bomba majini. Moto ukipungua, kikombe kinayavuta yale maji, yakikuta chuma cha moto yanalipuka. Niliwahi kuliinua, lakini magoti yalinilegea. Ncha ya bomba ikae juu ya maji, isiguse.

Shida kubwa zaidi ni watu. Mchimbaji anataka aione dhahabu yake ikigeuka njano mbele ya macho yake. Humu inafungiwa, halafu inatoka na rangi ya kahawia. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, umeifungia mali yangu kwenye chungu kama mganga." Ikabidi tuwe tunapima mbele yake kabla na baada, na dhahabu tunaipitisha tena kwenye moto kidogo ing'ae. Wawili walihamia karasha la jirani hata hivyo. Sikuwabembeleza.

Kijana wangu wa zamani wa kuchoma alifika mahali hawezi kuweka jiwe la mzani bila kulidondosha, mkono unatetema, anasahau hata tulichokubaliana asubuhi. Sikumpeleka kupimwa, hilo linanikaa rohoni. Mvuke wa zebaki ukiuvuta, karibu asilimia 80 unabaki mwilini, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unamvukia mtoto tumboni. Ndiyo maana mama mwenye ujauzito simruhusu tena hata kukaa kusubiri karibu na jiko.

Ila msidhani ritoti inamaliza kila kitu. Zebaki iliyobaki kwenye marudio, ule mchanga uliosagwa unaobaki dhahabu ikishatolewa, haiioni. Ile inakwenda na matope hadi mtoni, vijidudu vya kwenye tope vinaigeuza kuwa aina mbaya zaidi, dagaa anaila, sangara anamla dagaa, na kila hatua sumu inazidi. Kule Minamata, Japani, kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa mwaka 1956, paka waliokula samaki wa ghuba walikuwa wanapepesuka na kuzunguka kama wana wazimu. Kwa marudio nimechimba bwawa, nalo lina hadithi yake.

Nyota nne kati ya tano. Ya pili nimeshaiagiza, kifuniko chake kiwe cha kukaza kwa nati, na fundi nimemwambia mapema: lile bomba la maji lililopakwa zinki asiniletee, likipata moto linatoa moshi wake mwingine.