Uzoefu wangu na Space: 1999 iliyosafishwa upya: misimu miwili isiyolingana

Nimemaliza kuiangalia upya tamthilia nzima ya Space: 1999, sehemu zote 48, katika diski za Blu-ray zilizotolewa Uingereza na kampuni ya Network. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama inafaa kutumia fedha kwa kitu ambacho pengine anacho tayari katika DVD, au alikiona zamani kwenye kanda. Jibu langu ni kwamba msimu wa kwanza ununue bila kusita. Msimu wa pili ununue ikiwa ulimpenda Maya, mhusika anayeingia katika msimu huo, au ikiwa unataka kuona kwa macho yako jinsi kazi nzuri ilivyobadilishwa mkondo na watu waliokusudia kuiokoa.

Kwa asiyeifahamu, tamthilia hii ilitengenezwa Uingereza na Gerry na Sylvia Anderson kwa fedha za kampuni ya ITC ya Uingereza na shirika la utangazaji la RAI la Italia, ikaonyeshwa kuanzia mwaka 1975 hadi 1977. Tarehe 13 Septemba 1999, mabaki ya nyuklia yaliyorundikwa upande wa pili wa Mwezi yanalipuka kwa nguvu kubwa kiasi kwamba Mwezi unang'oka katika njia yake na kutokomea angani, ukiwa umebeba watu 311 wa kambi ya Alpha. Kamanda John Koenig ni Martin Landau, Daktari Helena Russell ni Barbara Bain, ambaye wakati huo alikuwa mke wake kweli, na Profesa Victor Bergman ni Barry Morse. Kisayansi hadithi haisimami, na wengi walilisema hilo tangu siku za mwanzo. Mimi nimekuwa nikiipenda kwa sababu nyingine: watu hawa hawakuchagua kusafiri, hawana usukani, hawajui wanakokwenda, na wanalazimika kuishi kwa heshima ndani ya hali hiyo.

Sisi wa Tanga wa rika langu hatukuiona kwenye kituo cha runinga, kwani Tanzania Bara haikuwa na kituo hadi mwaka 1994. Tuliiona kwa kanda za video zilizovuka mpaka wa Horohoro kutoka Mombasa, nakala ya nakala, ambazo joto na unyevu wa pwani vilizitia ukungu kabla hata hazijachakaa. Ilikuwa kama kutazama bahari kupitia chandarua. Kambi ya Alpha tuliyoikumbuka ilikuwa ya kijivu, nyuso hazina macho, na anga limejaa chenga ambazo mtoto angeweza kudhani ni nyota. Kwa hiyo, marafiki wachache tulipokubaliana kukutana jioni za mwisho wa wiki nyumbani kwangu Raskazone ili tuipitie yote kuanzia mwanzo, kila mmoja wetu alikuja na kumbukumbu ya hadithi kuliko kumbukumbu ya picha.

Picha ndiyo iliyotushika kwanza. Chombo cha anga cha Eagle kinaponyanyuka kutoka kwenye uwanja wake, unaona mabomba ya fremu moja baada ya jingine, unaona masizi yaliyopakwa kuzunguka injini, unaona vumbi la Mwezi likitimka chini ya miguu yake. Kijana wa dada yangu, aliyezaliwa baada ya mwaka wenyewe wa 1999 kupita, aliuliza, "Mjomba, hii imetengenezwa mwaka gani?" Nilipomjibu alinyamaza, kisha akaomba nirudishe nyuma ili aone tena.

Ubora huu hautokani na kompyuta za leo peke yake. Tamthilia ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ile ile ya majumba ya sinema, ingawa ilikusudiwa kwa runinga ndogo zisizoweza kuonyesha yaliyomo ndani ya filamu hiyo. Waliosafisha walirudi kwenye filamu za awali, wakaziskani, wakaondoa vumbi na mikwaruzo, wakasawazisha rangi. Lakini sababu iliyonifurahisha zaidi ni ya kiufundi na inamhusu Brian Johnson, msimamizi wa picha za vyombo vya anga. Hakuwa na muda wala fedha za kuunganisha picha kwa njia ya kawaida ya wakati ule, ambapo filamu hunakiliwa juu ya filamu na kila nakala hupunguza ukali wa picha. Badala yake alipiga modeli, yaani mfano mdogo wa chombo, ikiwa mbele ya giza, akairudisha filamu nyuma ndani ya kamera, akapiga sayari katika nafasi iliyobaki nyeusi, akairudisha tena akapiga nyota, yote katika ukanda mmoja wa filamu. Kosa dogo katika mzunguko wa mwisho lingeharibu kazi yote iliyotangulia. Ndiyo maana leo, baada ya karibu nusu karne, picha za angani katika diski hizi ni kali sawasawa na za waigizaji. Huwezi kununua matokeo hayo kwa kusafisha. Ni lazima yawe yamewekwa kwenye filamu tangu siku ya kwanza.

Ninashukuru pia kwamba hakuna aliyeamua kuziondoa modeli hizo na kuweka picha mpya za kompyuta, kama ilivyofanyika kwa Star Trek ya kwanza mwaka 2006. Ni kweli kwamba mara chache uzi ulioshikilia Eagle unaonekana ukimeta. Ninauacha umete, kwa kuwa modeli kubwa ya chombo hicho ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita moja, imetengenezwa kwa mikono ya mafundi, na ninapoiona nataka nione kazi ya mafundi hao.

Ndani ya majengo faida ni kubwa vilevile. Ukumbi wa kuongozea kambi katika msimu wa kwanza, uliobuniwa na Keith Wilson, una madirisha marefu, ngazi, na nafasi kubwa tupu inayowafanya watu waonekane wadogo. Katika kanda zetu ulikuwa ukungu mweupe tu. Sasa unaona kivuli kinavyohama ukutani na unaelewa kwa nini wakurugenzi walipenda kumweka Koenig peke yake katikati ya nafasi hiyo. Katika sehemu iitwayo "Black Sun", Mwezi unavutwa kuelekea nyota iliyoporomoka, Eagle moja inatumwa na watu sita ili angalau hao wapate nafasi ya kuishi, na Koenig na Bergman wanabaki wakinywa kinywaji na kuzungumza kwa sauti ya chini kuhusu kifo na kama kuna mkono unaowaongoza. Mandhari hiyo haina mlipuko wala mnyama wa ajabu. Ina wazee wawili wanaongea, na ukali wa picha unakuonyesha kila kinachopita katika nyuso zao. Barry Morse anafanya kazi kubwa kwa kuinua nyusi tu. Nimeirudia sehemu hiyo kuliko nyingine yoyote.

"Dragon's Domain" nayo imebaki na hofu yake. Ndani yake rubani Cellini anarudi peke yake kutoka safari iliyoua wenzake, na hakuna anayemsadiki kwa sababu vyombo havikurekodi chochote. Nilikuwa na wasiwasi kwamba mnyama mwenye jicho moja angegeuka mpira mtupu chini ya mwanga wa diski mpya. Hakugeuka, kwa kuwa mpigapicha alimficha kwa giza na upepo, na giza hilo limehifadhiwa jinsi lilivyokuwa.

Jambo moja wenzetu wa Ulaya wanapoijadili tamthilia hii hulipita haraka, nami sitalipita. Katika msimu wa kwanza mtaalamu wa kompyuta, David Kano, anaigizwa na Clifton Jones, na daktari msaidizi, Bob Mathias, anaigizwa na Anton Phillips, wote wawili weusi wenye asili ya Jamaika. Hawakuwekwa pale kubeba mizigo wala kufa mapema. Wanatoa majibu, wanabishana na kamanda, na kambi inawategemea. Kwa watoto wa Ngamiani waliokuwa wakitazama kanda mbovu, hilo lilikuwa jambo kubwa, na sasa picha safi inawapa nyuso zao haki yake. Katika msimu wa pili Kano hayupo kabisa, na Mathias anatoweka baada ya muda mfupi bila neno la kuaga.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyevua samaki Sahare maisha yake yote, alikaa nasi kwa sehemu ya kwanza, na Mwezi ulipong'oka aliuliza swali ambalo waandishi wa hadithi hawakulishughulikia: "Sasa bamvua litatoka wapi?" Bamvua ni yale maji makubwa ya bahari yanayokuja Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Sehemu hiyo inataja matetemeko ya ardhi huko duniani, lakini haisemi lolote juu ya bahari. Mwalimu mstaafu wa fizikia aliyekuwa pamoja nasi alimweleza kwamba Jua lingebaki likivuta maji, na kwamba mvuto wake kwa maji ya bahari haufiki nusu ya ule wa Mwezi, kwa hiyo kupwa na kujaa kungekuwepo lakini kwa unyonge, kila siku kwa saa zile zile, na tofauti ya bamvua na maji mafu ingekwisha. Mzee alilipokea jibu hilo kwa uzito. Mazungumzo yalituchukua hadi usiku, na nayahesabu kuwa sehemu ya thamani ya tamthilia hii, kwa sababu huamsha maswali hata pale ambapo yenyewe haina majibu.

Msimu wa pili ni habari nyingine. Sylvia Anderson alikuwa ameondoka, na mtayarishaji Fred Freiberger aliletwa kutoka Marekani ili aiongezee kasi na ucheshi. Bergman hayupo, na tamthilia haielezi alikokwenda. Ukumbi mkubwa umebadilishwa kwa chumba kidogo kilicho chini ya ardhi. Muziki wa Barry Gray, wenye okestra nzito na gitaa la umeme, umempisha Derek Wadsworth, ambaye muziki wake ni mchangamfu na hauna upweke ule. Diski zimesafishwa kwa uangalifu ule ule, na hapo ndipo shida inapoanza: picha safi inaonyesha bila huruma mavazi ya mpira, mawe ya kupakwa rangi, na wanyama ambao wameachwa chini ya taa kali bila kivuli cha kuwafichia. Katika "The Beta Cloud" jitu la manyoya linaloivamia kambi, likiigizwa na David Prowse, lingetisha kama lingeonekana nusu yake.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoutupa msimu huo wote. Catherine Schell, akiigiza Maya wa sayari ya Psychon anayeweza kujigeuza kiumbe chochote, ana uchangamfu na akili, na "The Metamorph" inayomleta ni hadithi iliyoshikana vizuri, yenye baba anayewatoa watu sadaka ili aifufue sayari yake. Hata "The Rules of Luton", ambamo miti inawahukumu Koenig na Maya kwa kosa la kuchuma ua na kula tunda, ina dakika chache za utulivu ambapo kila mmoja anamweleza mwenzake juu ya aliyempoteza. Landau na Schell wanaigiza dakika hizo kwa ukweli mtupu. Kinachonisikitisha ni kwamba zilihitaji sehemu nzima ya kwao, nazo zimebanwa katikati ya mapigano ya kukimbizana porini.

Kuhusu sauti, unaweza kuchagua ile ya awali ya mkondo mmoja au iliyopanuliwa kwa spika nyingi. Nilibaki na ya awali, kwani ndiyo iliyopangwa na waliotengeneza.

Sasa mambo ya kununua. Diski za Blu-ray zimegawanywa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, na Afrika iko katika kanda B pamoja na Ulaya, kwa hiyo toleo la Uingereza linakubali kwenye deki ya kawaida inayouzwa huku kwetu. Toleo la Marekani la kampuni ya Shout! Factory ni la kanda A, na deki yako italikataa isipokuwa kama inasoma kanda zote. Kwa DVD mambo ni magumu zaidi, kwa sababu Tanzania ni kanda 5 na Uingereza ni kanda 2. Picha ni ya umbo la runinga za zamani, yaani 4 kwa 3, hivyo pembeni kutakuwa na weusi. Usibonyeze rimoti kuivuta ijaze skrini, kwani utakata vichwa vya watu. Maandishi ya Kiswahili hayapo, na tulipokuwa na wageni wasiosikia Kiingereza mmoja wetu alitafsiri kwa mdomo, jambo linalowezekana katika msimu wa kwanza wenye vituo virefu kati ya maneno.

Kampuni ya Network ilifungwa mwaka 2023, kwa hiyo matoleo yake sasa hupatikana zaidi kwa mtu wa pili. Nakala yangu ilinunuliwa na ndugu aliye London na kuletwa katika mizigo yake. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji apige picha upande wa chini wa kila diski kabla hujalipa, na ikishafika Tanga iweke ndani ya boksi lake, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Ukianza kuangalia, fuata mpangilio kuanzia "Breakaway" hadi "The Testament of Arkadia", kisha pumzika wiki kadhaa kabla hujafungua msimu wa pili.