Simu ya kupiga, kupokea na kutuma pesa: uzoefu wangu sokoni Arua

Nauza samaki wakavu hapa Arua, Uganda. Angara na muziri hunifikia kutoka Panyimur, kwenye Ziwa Albert, na wanunuzi wangu wengi ni akina mama wa ng'ambo, wa Aru na Ariwara upande wa Kongo. Biashara yote inapita kwenye simu: bei ya gunia, gari limefika wapi, pesa imeingia au bado. Kwa hiyo nikisema simu ni nzuri, simaanishi picha. Namaanisha inaita, inasikika, ujumbe wa pesa unasomeka upesi, na jioni bado ina chaji. Hayo manne yakikosekana, mengine kwangu ni mapambo.

Madukani hawaanzi huko. Uliza simu ya shilingi laki nne au tano za Uganda, na cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba kamera ina megapikseli hamsini. Simu niliyokuwa nayo kabla ya hii, ambayo kaka yangu aliniletea kutoka Kampala, ilikuwa ya namna hiyo. Picha zake zilipendeza kweli. Lakini nikiiweka sikioni kioo hakizimi, shavu linagusa kitufe cha kunyamazisha sauti, na mteja kule anaita "Halo? Halo, mama?" huku mimi naendelea kueleza bei na hakuna anayenisikia. Kuna waliodhani nimewakatia kwa makusudi, wakaenda kununua kwa mwingine. Hakuna tangazo litakalokueleza jambo hilo, na ni pesa zangu zilizopotea.

Hii ya sasa sitaji jina la modeli yake, kwa sababu modeli hubadilika kila mwaka na ukienda dukani huenda usiikute. Shika vipimo: laini mbili pamoja na nafasi yake ya memori kadi, 4G, RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4, hifadhi ya GB 128, betri ya mAh 5,000, tundu la hedifoni. Nililipa chini kidogo ya laki tano. Tecno, Itel, Infinix, Samsung na Redmi wote wana simu za kiwango hiki, na kwa matumizi ya kila siku hazipishani sana kwenye karatasi. Zinapishana ukizishika mkononi, na ndiyo maana sikukubali kununua iliyofungwa kwenye boksi kabla ya kuijaribu ya maonyesho.

Nilianza na sauti. Niliweka laini yangu, nikatoka nje hadi barabarani ambako bodaboda wanapita, nikampigia binti yangu aliyekuwa kwenye kibanda. Nilimuuliza mambo mawili tu: unanisikia mimi, au unasikia pikipiki? Simu zenye maikrofoni mbili hupunguza kelele za nyuma, na tofauti unaisikia hapo hapo. Kisha nikafunika sehemu ya juu ya kioo kwa kiganja, kama vile nimeiweka sikioni, nikaangalia kama kioo kinazima. Kilizima, na nilipoondoa mkono kikawaka. Jaribio hilo ni la sekunde chache na kwangu linazidi kila kitu kilichoandikwa kwenye boksi.

Spika ya nje nayo isidharauliwe. Wateja wangu wa Kongo hawapendi kuandika. Wanatuma sauti WhatsApp, Kiswahili chao kimechanganyika na Lingala, tena kwa kasi. Spika ikikwaruza, "kumi na sita" na "kumi na saba" vinafanana, na gunia halisubiri ubishi. Hii yangu inasikika wazi hata mvua ikipiga kwenye mabati.

Kuna jambo ambalo mtu wa Kampala hatakwambia, ila sisi wa mpakani tunalijua. Ukisogea Vurra, penye mpaka, simu huacha mnara wa Uganda ikashika wa Kongo. Salio linaliwa na romingi, yaani kutumia mtandao wa nchi nyingine, anayekupigia hakupati, na kibaya zaidi ni saa. Kongo ya mashariki iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikishika mnara wa kule inajirudisha nyuma, na kengele uliyotega saa kumi na moja alfajiri inalia saa kumi na mbili, gari la samaki limeshaondoka. Dawa yake iko ndani ya mipangilio: kwenye laini, zima romingi na uchague mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu, kwenye saa, zima saa za eneo za otomatiki uweke Uganda. Simu janja karibu zote zina mipangilio hiyo, lakini kwenye nyingine imefichwa mno. Muuzaji akuonyeshe ilipo kabla hujalipa.

Sasa pesa. Nina MTN na Airtel kwa sababu wateja nao wamegawanyika hivyo hivyo. Ninachotaka ni nikipiga namba za menyu ya pesa, *165# itoke kwenye MTN na *185# itoke kwenye Airtel bila simu kung'ang'ania laini moja. Hii inaniuliza laini kila ninapopiga. Wengine wataona ni usumbufu. Mimi napenda, kwa sababu menyu ya pesa haikusubiri, ukichelewa inajifunga unaanza upya.

Ujumbe wa pesa ndiyo sababu yangu ya kutazama kioo kuliko kamera. Ujumbe wa kweli hufika ukiwa na jina la huduma, si namba ya mtu. Matapeli huandika maneno yale yale kutoka namba ya kawaida, kisha wanapiga wakilalamika kwamba wametuma kwa makosa na wanaomba uwarudishie. Saa saba mchana, jua la Arua likiwa usoni na watu watatu wanasubiri kupimiwa, lazima uweze kusoma aliyetuma ni nani kwa mtazamo mmoja. Nilipoitoa simu hii juani dukani niliongeza mwanga hadi mwisho na kukuza maandishi. Yalisomeka, ingawa si kwa raha. Kwenye bei hii sijaona kinachosomeka vizuri zaidi. Na hata nikiusoma ujumbe, nafungua salio kwanza kabla ya kutoa gunia.

Betri sina la kulalamikia. Naichomoa alfajiri, inalala na chaji ya kutosha kufanyia mahesabu ya usiku, na umeme ukikatika inanivusha hadi mchana wa pili nikibana matumizi. Kujaa ndiko kunakochukua muda. Kwa anayechaji kwa sola inabidi aianze mapema. Ila mwanangu akiwasha VPN, programu ya kupita kwenye mitandao iliyofungwa, ili aingie Facebook, ambayo imefungwa nchini tangu Januari 2021, chaji na bando vyote vinashuka mbio.

Na bando ni ghali. Kuanzia Julai 2018 tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, tukawekewa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Kwa hiyo siku niliyoinunua, kabla ya kuweka hata picha ya mtu, nilizima mambo mawili: programu kujisasisha kwa data, na WhatsApp kupakua picha na video yenyewe. Redio naisikiliza FM kwa kuchomeka hedifoni, kwa kuwa waya wake ndiyo antena. Radio Pacis naipata siku nzima bila kula hata shilingi ya bando, na simu nyingi mpya zimeondoa tundu hilo. Nasikitika sana kuona hivyo.

Kasoro zipo. Alama ya kidole haisomi mkono wenye chumvi na magamba, hivyo sokoni natumia namba ya siri. Picha za usiku zina ukungu. Ukifungua vitu vingi kwa pamoja inavuta miguu. Mtu anayeishi kwa kurekodi video au kucheza gemu atafute nyingine, hii si yake. Kwa mwenye kibanda, mwalimu, dereva, mzazi kijijini anayetaka kumsikia mwanawe vizuri, naipendekeza kwa moyo wote.

Ukishaichagua, mwambie muuzaji afungue boksi mbele yako, upige *#06#. Zitatokea namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zenye tarakimu 15, moja kwa kila laini. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi, na uhakikishe zimeandikwa kwenye risiti pamoja na muhuri wa warantii. Zikipishana hata kwa tarakimu moja, mwachie simu yake utoke.