Geji ya presha ya mafuta: itoe kwanza gari likipiga stata na lisiwake

Gari likipiga stata kwa nguvu porini na lisiwake, kila aliyepo hugeuka fundi. Huyu anasema plagi, yule anasema fyuzi, mwingine ameshaanza kufungua boksi la filta ya hewa. Mimi siku hizi natoa geji, na ubishi hupungua nusu.

Ninayotumia haina jina la kujivunia. Ina sanduku la plastiki, uso wenye mshale unaofika psi 100 (karibu bar 7), mpira mfupi, kitufe cha kuachia presha chenye kimpira chembamba cha kumwagia petroli kwenye chupa, na rundo la viunganishi ambavyo vingi sijawahi hata kuvigusa. Magari mengi ya petroli yenye nozeli (zinazopuliza petroli kwenye injini) yana kivalvu kwenye bomba linalolisha nozeli, kinafanana kabisa na cha tairi. Unafunga kiunganishi hapo na kuwasha swichi bila kupiga stata. Kwa kawaida pampu huunguruma sekunde mbili hivi kisha hunyamaza, ikingoja kompyuta ione krenki, shafti kuu ya injini, inazunguka. Mifumo mingi huhitaji kati ya psi 40 na 60, ila kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Mshale ukibaki sifuri, usikimbilie kununua pampu. Baadhi ya magari yana swichi inayokata mafuta gari linapogongwa, na kwa sisi wa mawe na mashimo, mtikisiko mmoja mbaya unaweza kuifyatua. Unaibonyeza tu, inarudi. Kisha fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme), ambayo mara nyingi unaweza kuibadilishana na ya honi kama zinafanana. Mwenzangu mmoja alizimikiwa baada ya kuvuka mto, na wote tukaapa ni maji kwenye umeme wa plagi. Geji ikasoma sifuri. Kisiki kilikuwa kimechomoa soketi ya pampu chini ya tangi; maji hayakuhusika hata kidogo.

Presha ikiwa nzuri, achana na pampu, hamia kwenye cheche. Piga stata huku ukitazama mshale wa mizunguko ya injini: kwenye magari mengi, usipotikisika kabisa, anza kushuku sensa ya krenki au waya wake uliojaa tope. Pima na betri wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, injini inaweza kuzunguka huku kompyuta na koili zikikosa umeme wa kutosha.

Lakini kinachonifanya niipende geji hii ni pale presha inapopanda vizuri kisha kuporomoka mara tu pampu inaponyamaza. Hapo washa pampu tena, na ikifika juu bana mpira unaoleta mafuta (wa raba tu, wa plastiki utaupasua). Presha ikitulia, valvu ya kuzuia mafuta yasirudi tangini imechoka. Ikiendelea kushuka, nozeli zinavuja, au regulata (kidhibiti presha) kama iko upande wa injini. Chomoa plagi, ukikuta zimelowa petroli, umeshapata jibu. Kisoma kodi (kifaa kinachosoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari) hakikwambii hayo, kwa sababu magari mengi ya aina hii hayana sensa ya presha ya mafuta, hivyo pampu inaweza kuchoka bila kodi yoyote kuandikwa.

Kasoro zipo. Mpira ni mfupi mno, huwezi kusoma ukiwa kwenye usukani, hivyo lazima awepo mtu wa kuzungusha ufunguo. Namba za bar ni ndogo kama za saa ya mkononi. Kama gari lako halina kile kivalvu utahitaji kiungo cha njia tatu, nacho kwenye sanduku hakimo. Mwenye dizeli asisumbuke nayo, na kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda usiiguse kamwe sehemu ya presha kubwa: geji itapasuka. Hata kwenye petroli ya kawaida, acha injini ipoe, zungushia kitambaa unapofungua, na mvuta sigara asogee mbali.

Oringi (pete za raba za kuzuia uvujaji) zilizokuja nayo zilianza kuvuja mapema. Nimeweka za Viton, zinazovumilia petroli, na sasa ni kavu. Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ule mpira.