Uzoefu wangu: kuitafuta rangi ya kiwandani ya Mercedes 240D

Gari hili nililinunua likiwa jeupe pe, weupe wa friji. Nilikaa nalo hivyo miaka miwili bila kujiuliza chochote. Siku moja nikiwa nimefungua boneti nikachukua tambara lenye thina nikasugua kibamba kilichopo kwenye boriti ya mbele, juu ya rejeta. Chini ya ukoko wa rangi zikatokea tarakimu tatu za namba ya rangi: 623.

Waliozoea Mercedes za familia ya W123, zile zilizoundwa kati ya 1976 na 1986, hawahitaji kuelezwa. Nyeupe ya kiwandani ni 737. 623 ni Hellelfenbein, pembe ya ndovu iliyofifia, rangi ile ile iliyowekwa kuwa rangi rasmi ya teksi za Ujerumani Magharibi mwaka 1971. Kwa hiyo huenda langu lilianza maisha likibeba abiria. Huenda pia halikubeba hata mmoja. Rafiki zangu walicheka sana: mtu ana gari jeupe zuri, analirudisha kuwa teksi! Niliwaacha wacheke. Nilishaamua.

Nikaenda kwenye duka linalochanganya rangi za magari kwa namba. Nitalisifu hapa na nitalilalamikia pia, kwa hiyo jina naliacha.

Safari ya kwanza ilikuwa ovyo, na nusu ya kosa ni langu. Nilifika na namba mkononi kama mtu anayeagiza nati. Kijana wa kaunta akaiingiza kwenye kompyuta, zikatokea fomula tatu kwa namba ile ile moja: ya kawaida, moja yenye unjano zaidi, na nyingine iliyoelemea wekundu. Hapo ndipo ilipaswa mmoja wetu asimame aulize kwa nini ziko tatu. Hakuna aliyeuliza. Akachagua ya kwanza, akapima, akatikisa, akanipa lita moja. Nilipofika nyumbani nikaipaka kwenye kipande cha bati, ikakauka, nikaipeleka ndani ya buti ambako aliyelipiga gari weupe hakujisumbua kufika. Loo! Yangu ilikuwa safi mno, changa, kama samli iliyotoka kuyeyushwa. Ya zamani ilikuwa imetulia, ina kijivu fulani ndani yake ambacho huoni mpaka uweke nyingine kando.

Sababu nilikuja kuelezwa baadaye. Magari yenye namba moja hayakutoka yote na rangi moja sawasawa. Mwaka na mwaka, kiwanda na kiwanda, rangi ilisogea kidogo, na watengenezaji wa rangi wakaandika fomula kwa kila msogeo. Halafu kuna suala la unga wenyewe wa rangi. Njano nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo siku hizi yameondolewa katika rangi nyingi kwa sababu ni sumu. Njano zilizochukua nafasi yake ni nyingine kabisa, kwa hiyo fomula ya leo inaiga tu ile ya zamani. (Kwa sababu hiyo hiyo, usipige msasa rangi ya zamani ukiwa umeziba pua kwa kitambaa tu. Vaa barakoa ya vumbi ya kweli, tena piga msasa wa maji.)

Safari ya pili nilikwenda na gari lenyewe, na safari hii nikamkuta mchanganyaji mkuu. Huyu mzee ndiye sababu ya mimi kuandika. Hakuuliza namba. Aliuliza, "Rangi yake iliyojificha iko wapi?" Tukang'oa kifuniko cha ubavuni mwa buti. Nilidhani ataitoa mashine yake ya kusoma rangi aigandamize pale pale, lakini kwanza akachukua polishi ya kukwangua na kitambaa cheupe, akasugua eneo la ukubwa wa kiganja. Kitambaa kikashika rangi, kikawa na doa la pembe ya ndovu. Akanionyesha: "Hii haina klia juu." Ingekuwa imefunikwa na klia, ule mpako wa juu usio na rangi, kitambaa kingebaki cheupe. Magari ya rangi isiyo na chengachenga za metali enzi hizo yalipigwa rangi moja inayong'aa yenyewe, na hilo lina maana kubwa kwa sura ya gari likikamilika.

Baada ya kusugua ndipo akasoma, mara tano, sehemu tano tofauti. Angesoma kabla, mashine ingesoma uchafu na gundi ya zulia. Ikachagua ile fomula ya wekundu, nayo ikasema yenyewe kwamba haijafika sawasawa. Akaanza kurekebisha kwa mkono.

Hapa nilijifunza kitu ambacho nisingekiamini kwa kuambiwa. Rangi ilihitaji kupunguzwa usafi wake, kwa hiyo akadondosha nyeusi kidogo sana, mizani ikihesabu sehemu za kumi za gramu. Ikageuka kijani! Si kijani cha majani, ila ukiiweka kando ya buti unaona kabisa imeugua. Nyeusi ikikutana na njano huzaa kijani. Akatabasamu, akatia tone la nyekundu ya oksaidi, akakoroga, na ile kijani ikafa mbele ya macho yangu.

Kila hatua alipuliza kwenye kadi yenye miraba myeusi na myeupe. Ukiona bado miraba inachungulia, rangi haijafunika, na rangi hafifu kama hizi hufunika kwa shida. Ndiyo maana alinionya praima, ile rangi ya kutangulia, iwe ya aina moja gari zima, sio kijivu mlangoni na nyeupe kwenye madigadi. Pia hakukubali tulinganishe rangi ikiwa mbichi. Ilibadilika ilipokauka, kidogo tu, lakini ilibadilika.

Kadi ya pili ililingana kabisa chini ya taa za tyubu za duka. Nikasema basi, tumepata. Mzee akaichukua akatoka nayo nje, nikamfuata. Juani ilikuwa rangi nyingine. Kumbe rangi mbili zenye unga tofauti zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kukataana chini ya nyingine. Huwezi kuzipatanisha kila mahali, kwa hiyo unachagua ugomvi ubaki wapi. Tukachagua jua, maana gari huonekana mchana. Kadi ya tatu, nilipoiegemeza kwenye buti nje, ukingo wake ulipotea.

Sasa malalamiko. La kwanza, duka lilitaka kwa nguvu kuniuzia rangi ya msingi na klia juu yake, eti ndiyo ya kisasa. Ndiyo ya kisasa, sikatai. Lakini gari la 1979 lenye klia nzito linang'aa kama limefungwa plastiki, na nilikuwa nimekuja kutafuta ya kiwandani. Ilibidi nirudie ombi langu mara tatu. La pili ni zito zaidi: lita tatu nilizoagiza zilichanganywa kwa siku mbili tofauti, hawakuniambia, na makopo hayakuandikwa tarehe. Fundi wangu ndiye aliyegundua alipofungua vifuniko. Akayamimina yote kwenye ndoo moja safi, akakoroga, akachuja, ndipo akatia hadina, dawa ya kuigandisha rangi, na kuanza kupuliza. Angepiga ubavu mmoja kwa kopo hili na mwingine kwa lile, ningekuwa na gari la rangi mbili.

Kwa kazi ya yule mzee ningetoa tano kati ya tano. Kwa duka lote, tatu na nusu. Ukienda, nenda na gari, nenda mchana, na usikubali kubeba kopo kabla hujaiona kadi ikiwa kavu.

Ndani ya buti sikupaka. Nimeiacha ya zamani ilivyo, na ile alama ya kiganja iliyosuguliwa bado ipo. Usiku, nikifungua buti chini ya taa za kituo cha mafuta, mpaka kati ya rangi mpya na ya zamani unaonekana: unjano wa ndani haulingani na wa nje. Nafunga buti, najaza dizeli, naondoka.