Visu vitatu, kamba ya usumba na chumvi ya Pemba: uzoefu wangu

Huku Pemba kisu kinaweza kupoteza makali kikiwa kimelala ndani ya ala, hakijakata kitu. Naanza na hilo kwa sababu kila anayeniuliza kisu kipi kinadumu na makali huwa anafikiria kukata tu, na kwetu kukata ni nusu ya mtihani.

Nimetumia visu vitatu msimu mzima wa karafuu na baada yake, shambani na pwani, upande wa Wete. Cha kwanza ni Morakniv Companion cha stenlesi, kinachotengenezwa mji wa Mora, Sweden; nililetewa na shemeji. Bapa lake ni sentimita 10 na kidogo, na chuma chake ni 12C27, chenye kaboni asilimia 0.6 na kromiamu 13.5 hivi. Cha pili ni cha chuma cha kaboni tupu, yaani si stenlesi; nilikipata mtumba sokoni Darajani, Unguja, chapa imeshafutika, ila ukubwa wake unakaribiana sana na Mora. Cha tatu kimefuliwa na mhunzi wa huku kwetu kutokana na springi ya gari: kizito, mgongo mnene, mpini wa mti.

Kabla ya kila jaribio nilivinoa vyote kwenye kinoo kimoja, kwanza chembe kubwa (400) kisha chembe ndogo (1000), nikamalizia kwenye mkanda wa ngozi. Kipimo changu ni ukurasa wa gazeti la Zanzibar Leo. Kisu kikali hupita kwenye karatasi bila kelele; kikianza kuchana na kukwama, makali yameondoka. Baada ya karatasi, tungule (nyanya) mbivu: kisu kiguse ganda na kiingie chenyewe bila kukandamizwa. Mwisho nakielekeza juani. Makali mazima hayaonekani. Ukiona mstari mweupe unameta, hapo pamelala au pamemeguka.

Mtihani mkubwa ulikuwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Huko Sheffield, Uingereza, ilibuniwa mashine inayopima visu kwa kukatisha karatasi nzito yenye asilimia 5 ya mchanga wa silika, kwa sababu karatasi peke yake haimalizi makali haraka. Sisi tuna usumba. Makumbi huzikwa pwani miezi kadhaa mpaka yaoze, kisha kina mama huyaponda na kusokota, na kamba hutoka na mchanga na tope lake ndani. Nilikata bunda zima la kamba juu ya gogo, kwa kuvuta kisu, si kwa kupiga.

Hapo cha kaboni kilishinda. Kiliendelea kukata karatasi wakati vingine vimeshaanza kuchana. Mora kilifuata kwa karibu, na hata kilipokataa karatasi bado kilikuwa kinakata kamba vizuri, maana bapa lake ni jembamba na halikwami. Cha springi kiliacha karatasi mapema kabisa. Nilishajua kwa nini: ukikipitishia tupa, meno yanashika, ilhali kwenye kile cha kaboni tupa inateleza. Chuma laini hakimeguki, makali yake hulala upande. Kwa hiyo ukikivuta mara chache kwenye ngozi, kinarudi kazini bila kinoo. Hiyo ni sifa, nayo naihesabu.

Kwenye madafu na kuchonga vigingi, cha springi hakina mpinzani, kwa uzito wake. Mora sikukipigia dafu, milimita 2.5 za mgongo hazikukusudiwa kazi hiyo.

Sasa chumvi. Niliparua samaki aina ya changu kwa visu vyote vitatu, nikavisuuza kwa maji ya bahari kama anavyofanya kila mvuvi chomboni, nikavipangusa na kuvirudisha ala. Asubuhi, cha kaboni hakikukata karatasi. Ubavuni hakikuwa na kutu ya kuonekana, ila makali yenyewe, ambapo chuma ni chembamba kuliko popote, yalikuwa yameshaliwa. Hilo ndilo watu hawalioni: kutu inayoonekana kwa macho imechelewa, ya kwanza hula ncha ya makali. Nilirudia kwa ndimu na kwa embe mbichi, na uchachu wa matunda ulifanya kazi ileile, polepole zaidi. Fito ya mkandaa, mti wa mikokoni, nayo ilikitia weusi papo hapo. Nikajaribu kukipaka mafuta ya nazi kabla ya kukilaza. Husaidia kwa kisu kikavu, lakini juu ya chumvi iliyobaki hayazuii kitu.

Cha springi kilikuwa na madoa mekundu. Mora kilikata karatasi kama nilivyokiacha jioni.

Kwa hiyo kisu kilichoshinda kwenye kamba ndicho nilichokuwa nakinoa zaidi ya vyote, kila alfajiri kabla ya kazi, na kila kunoa ni kupunguza chuma. Hesabu hiyo haimo kwenye majedwali ya Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma. Mora, ambacho chuma chake ni karibu 57 tu kwa kipimo hicho, hunolewa kikichoka kwa kazi, na kunoa kwenyewe ni rahisi: mteremko wa makali yake ni mpana, unaulaza wote juu ya kinoo, huhitaji kukisia pembe. Ala yake ya plastiki ina tundu chini, maji yanatoka. Ala za ngozi za vile viwili vingine hubaki na unyevu na chumvi siku nzima, nami sasa vinalala nje ya ala, ukutani.

Anayefanya kazi pwani, au nusu pwani nusu shamba, namshauri achukue stenlesi nyembamba. Wa shamba tu, mbali na bahari, na asiyechoka kupangusa, cha kaboni kitamfurahisha sana. Na cha mhunzi nitaendelea nacho kwa madafu. Nimeshazungumza na fundi anitengenezee chengine, akichovye kwenye mafuta kikiwa chekundu zaidi na akikwangue makali yawe membamba. Amekubali, nami nitakipeleka kwenye usumba uleule.